Mlango wa Vuga: Krapf na Kazi ya Kupambanua

Asubuhi nyingi hapa Amani ukungu huukalia msitu hata mtu asiione njia anayoikanyaga. Asubuhi moja ya namna hiyo nilikuwa na barua mbili mezani: moja ikinitaka nibaki kufundisha hapa, nyingine ikiniita mjini. Nilikuwa nimeomba majuma mengi nipewe ishara, nisiipate. Ndipo nilipoirudia habari ya mtu ambaye sisi wapenzi wa Kiswahili twamjua kwa kamusi yake, ingawa milima hii aliipanda kwa shughuli nyingine: Johann Ludwig Krapf.

Krapf, Mjerumani aliyetumwa na chama cha misioni cha Kianglikana, CMS, alifika Mombasa mwaka 1844. Miezi michache baadaye mkewe, Rosine, alifariki kwa homa, na mtoto wao mchanga akamfuata. Wengi wangeusoma msiba huo kuwa ni amri ya kurudi kwao. Yeye aliusoma kinyume: aliwaandikia wakubwa wake kwamba kaburi lile ni ishara ya kazi iliyoanza. Akaota mlolongo wa vituo vya misioni kutoka pwani ya mashariki hadi magharibi.

Mwaka 1848 alifika Vuga, ng'ambo ya bonde la Lwengera kutoka hapa nilipo. Mfalme wa Washambaa, Kimweri ye Nyumbai, alimpokea vyema na kukubali walimu waje. Mlango ulikuwa wazi. Hata hivyo Krapf alielekea Ukambani, na huko mwaka 1851 msafara wake ukashambuliwa, mwenyeji wake Kivoi akauawa, naye akanusurika kwa shida kubwa ya njaa na kiu. Mwaka 1852 alirudi Vuga, na mfalme hakuifunga ahadi yake. Mwaka uliofuata maradhi yalimrudisha Ulaya. Kituo cha Usambara hakukijenga yeye. Waanglikana wa UMCA walikaa Magila, chini ya milima yetu, na Walutheri wakaanza Mlalo mwaka 1891, miaka 10 baada ya kifo chake.

Je, alisikia vibaya? Sithubutu kuhukumu. Naona tu kwamba mlango ulio wazi haukuwa amri kwake, na uliofungwa haukuwa laana. Paulo naye, katika Matendo ya Mitume, alitaka kuingia Bithinia akazuiwa, kabla hajajua kwamba angeitwa Makedonia. Alikuwa tayari safarini alipozuiwa.

Biblia ya Kiswahili huitaja karama ya kupambanua roho. Tulitafakari neno hilo, ndugu msomaji. Kupambanua ni kutenga kitu na kitu hata kila kimoja kionekane kilivyo. Hakumaanishi kuona mbali. Kunamaanisha kuona vizuri kilicho karibu. Na hiyo ndiyo kazi aliyoifanya Krapf kila siku huku ndoto zake kubwa zikivunjika. Kabla tu ya msiba alikuwa ameanza kutafsiri kitabu cha Mwanzo, akisaidiwa na kadhi wa Mombasa, Mwislamu. Sarufi yake ilichapishwa mwaka 1850, na kamusi ikatoka London mwaka 1882, yeye akiwa kaburini. Mtunga kamusi huuliza, husikiliza, hushuku alichodhani amekielewa, hurudi kwa wenyeji kusahihishwa. Hawezi kulipambanua neno akiwa peke yake chumbani.

Sisemi kwamba kamusi ndiyo ilikuwa kusudi la Mungu, na kituo cha Vuga kosa. Hiyo ni rahisi kuisema baada ya miaka 150 na zaidi. Nasema kwamba asiyeoneshwa njia yote hajanyimwa kazi ya leo, wala hajanyimwa watu wa kumsahihisha.

Kwa hiyo niliacha kuomba ishara. Niliwaendea wazee wawili wa kanisani na mwalimu mwenzangu mmoja, nikawasomea barua zote mbili, nikauliza: ni ipi kati ya hizi ninayoitaka kwa sifa, na ni ipi kwa upendo? Mzee mmoja alicheka, akasema jibu nilikwisha kulijua kabla ya kupanda kwake. Nilibaki. Bado siku nyingine nina shaka, na katika siku hizo hufanya alilofanya Krapf: naingia darasani, nasahihisha maneno ya wanafunzi, nao wananisahihisha ya kwangu.