Kichwa cha wasifu kwenye LinkedIn: mwongozo kwa wafanyabiashara na wasafirishaji

Wandegeya, karibu na Chuo Kikuu cha Makerere jijini Kampala, ni mahali panapojulikana kwa maduka ya uchapaji na intaneti. Wanafunzi huenda huko kuchapa kazi zao na kutengeneza wasifu wa kuombea kazi. Mfanyabiashara, wakala wa forodha au mwenye malori naye anaweza kupata huduma hiyo hiyo. Tatizo ni kwamba wasifu wa mwanafunzi anayetafuta ajira na wasifu wa mtu anayetafuta mizigo si kitu kimoja, na tofauti hiyo huonekana kwanza kwenye mstari ulio chini ya jina. Makala hii inaeleza namna ya kuuandika mstari huo.

Kichwa cha wasifu ni nini?

LinkedIn ni mtandao wa watu wa kazi na biashara. Ulifunguliwa kwa watumiaji mwezi Mei 2003 huko California, Marekani, na tangu mwaka 2016 unamilikiwa na kampuni ya Microsoft. Kichwa cha wasifu ni maneno machache yanayokaa chini ya jina lako. Nafasi yake ni herufi 220, zikihesabiwa pia nafasi tupu na alama.

Kichwa hufuatana na jina lako unapotafutwa, unapomwomba mtu muunganishwe na unapotoa maoni. Usipoandika chochote, mtandao hujaza wenyewe cheo chako na jina la kampuni. Kwenye simu ya mkononi mara nyingi huonekana maneno ya mwanzo tu, kwa hiyo jambo kuu liwekwe mbele.

Kwa nini ni muhimu kwa watu wa mizigo?

Chukua mfano wa mwagizaji ambaye kontena lake limeshushwa bandarini Mombasa. Siku za bure zikimalizika, gharama za kuhifadhi huanza kuhesabiwa. Anamtafuta wakala wa Kampala na kupata orodha ya majina, kila jina na mstari wake. Akisoma "Mkurugenzi Mtendaji" hajui kama mtu huyo anauza simenti au anatoa mizigo bandarini, naye hana muda wa kufungua kurasa zote. Anampigia yule ambaye kazi yake imeeleweka.

Muuzaji wa rolex pale Wandegeya anaijua kanuni hii. Jina la chapati yake limetokana na maneno ya Kiingereza yenye maana ya mayai yaliyoviringishwa, na mteja anajua anachonunua kabla ya kuuliza. Kichwa cha wasifu kinatakiwa kufanya kazi hiyo hiyo.

Mambo manne ya kuweka

1. Kazi yenyewe. Andika wakala wa forodha, msafirishaji, dereva wa tela au muuzaji wa jumla. Cheo peke yake hakitoshi.

2. Njia au mpaka. Taja unakofika: Malaba, Busia, Mutukula, Elegu, Mpondwe. Barabara ya Bombo inayopita Wandegeya inaelekea Luweero, Karuma na Gulu, hadi Elegu mpakani na Sudan Kusini. Mwenye mzigo wa Juba anatafuta mtu anayeijua njia hiyo.

3. Aina ya mzigo. Nafaka, vipuri, dawa, mafuta na magari kila kimoja kina taratibu zake.

4. Uthibitisho. Weka kitu kimoja kinachoweza kuhakikiwa: leseni, cheti cha mafunzo ya forodha ya Afrika Mashariki, au idadi ya malori uliyonayo.

Mifano

Kwa wakala:
"Wakala wa forodha mwenye leseni ya URA | Mombasa–Malaba–Kampala | Mashine na vipuri"

Kichwa hicho kina herufi 83 tu, na tayari mteja amejua kazi, njia na mzigo.

Kwa mwenye malori:
"Malori 4 ya kontena za futi 40 | Kampala–Mutukula–Dar es Salaam | Natafuta mzigo wa kurudi bandarini"

Sehemu ya mwisho ina faida ya pekee. Malori mengi huleta bidhaa kutoka bandarini na kurudi matupu. Mwenye kahawa au nafaka ya kusafirisha akiona maneno hayo, anajua kuna nafasi ya kuzungumza bei.

Kwa mfanyabiashara:
"Muuzaji wa jumla wa mahindi na maharage, Kampala | Napeleka Juba kupitia Elegu"

Kwa upande mwingine, epuka maneno kama "mchapakazi", "mbunifu" na "mwenye uzoefu mkubwa". Yanaweza kuandikwa na mtu yeyote, na hakuna anayeyatafuta.

Lugha gani itumike?

Tazama wateja wako. Muuzaji wa Dubai au Guangzhou hutafuta kwa Kiingereza, kwa hiyo jina la kazi liwepo kwa Kiingereza. Mteja wa Mombasa, Dar es Salaam au Goma atafurahi kuona Kiswahili. Kwa Bukavu, Goma na Bujumbura, neno moja la Kifaransa linasaidia. Herufi 220 zinatosha kwa lugha mbili kama hukupoteza nafasi kwa sifa tupu.

Usiandike usichoweza kuonyesha

Hapa ndipo hasara hutokea. Leseni ya wakala wa forodha hutolewa na mamlaka ya mapato, na inahitaji kuhuishwa. Mteja makini atauliza namba na kuihakiki kwa URA. Kama leseni imekwisha, liondoe neno hilo mpaka uihuishe. Kama unafanya kazi chini ya leseni ya kampuni nyingine, sema hivyo: "Msaidizi katika kampuni ya uwakala wa forodha". Mteja akigundua uongo mmoja kwenye mstari wa kwanza, hatakuamini na hati ya mzigo wake.

Njia nazo hubadilika. Mpaka wa Gatuna, upande wa Rwanda, ulifungwa kwa malori ya mizigo Februari 2019 na kufunguliwa tena tarehe 31 Januari 2022. Katika muda huo, aliyeacha "Kampala–Gatuna–Kigali" kwenye wasifu wake alikuwa anatangaza njia isiyopitika, wakati malori yalielekezwa Mirama Hills na Kagitumba. Angalia kichwa chako kila hali ya mpaka inapobadilika.

Kabla ya kutoka dukani

Kama unaandikiwa wasifu kwenye duka la intaneti, fanya mambo haya:

- Nenda na maneno yako yakiwa tayari kwenye karatasi. Mchapaji anajua kuchapa, lakini haijui njia yako wala mzigo wako.
- Tumia anwani yako mwenyewe ya barua pepe na namba yako ya simu, si za duka. Ukisahau neno la siri, ujumbe wa kulirudisha utakwenda huko.
- Andika neno la siri wewe mwenyewe, na hakikisha umetoka kwenye akaunti kabla ya kuinuka.
- Fungua ukurasa wako kwenye simu, usome yale maneno ya mwanzo yanayoonekana.

Mwisho, mpe simu mtu asiyeijua biashara yako. Asome mstari huo mmoja, kisha mwulize: "Ninafanya kazi gani, na ninafika wapi?" Akijibu sawasawa, kichwa chako kiko tayari. Akisitasita, rudi kwenye karatasi.