Mwingereza wa Turubai Aliyezeekea Mgori

Ninaiuza Land Rover yangu. Ni Series IIA fupi, ya inchi 88 kutoka ekseli hadi ekseli, injini ya petroli ya lita 2.25, paa la turubai. Ukiivua turubai na vyuma vyake, kisha ukalaza kioo cha mbele juu ya boneti, unabaki na gari la wazi, upepo wote wa Singida ni wako. Nimeifufua mwenyewe na inatembea. Anayekuja kuitazama hapa kwetu Mgori, Singida, huinama, hugonga chesisi, halafu huuliza: "Mzee, kila kitu ni cha asili?" Namjibu hapana. Wengi hupoa hapohapo. Mimi nadai kwamba wanakimbia kitu chenye thamani kuliko vyote, kwa sababu historia ya gari hili nchini kwetu imo ndani ya vile visivyo vya asili.

Tuanze lilikotoka gari hili. Uingereza ilitoka kwenye Vita vya Pili vya Dunia ikiwa na madeni shingoni. Chuma kiligawiwa kwa kibali, na kiwanda kilichouza nje ndicho kilichopewa mgao wa maana. Kampuni ya Rover, iliyozoea kuwatengenezea watu wenye nafasi magari ya heshima, ilihitaji kitu cha kuuza nje upesi. Maurice Wilks, mhandisi wake mkuu, alikuwa akitumia Jeep ya Kimarekani shambani kwake Anglesey, huko Wales, akaona mwanya. Bodi ikatengenezwa kwa alumini, ambayo ilipatikana kwa wingi kwa kuwa viwanda vya ndege za kivita vilikuwa vimepunguza kazi. Gari likaoneshwa Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948. Bei ilikuwa pauni 450, na milango ililipiwa zaidi.

Shida hiyohiyo ya fedha za kigeni ndiyo iliyowasukuma Waingereza kuwauzia Wamarekani magari madogo ya starehe, ya watu wawili, yenye paa la kufunuliwa. MG TC na TD zilitangulia. Ikaja MGB, iliyotengenezwa kuanzia 1962 hadi 1980, zaidi ya magari 500,000. Hayo na Land Rover ni ndugu wa tumbo moja: mmoja akatumwa California, mwingine akatumwa kwetu. MG imeketi chini mno. Ingetoka Singida mjini ikitamba, na kwenye korongo la kwanza lenye mchanga ingelala kifudifudi.

Tanganyika, Land Rover ilishuka ikiwa ni gari la serikali na la misheni. Aliyeipanda alikuwa DC, bwana shamba, daktari au padri. Watoto waliikimbilia, wazee waliosikia mlio wake kwa mbali walikumbuka kodi ya kichwa, wakaelekea porini. Lakini angalia majirani zetu wa Kongwa. Mpango wa karanga wa serikali ya Uingereza ulianza huko 1947 na matingatinga makubwa, mengine yakiwa ni matrekta yaliyotokana na vifaru vya vita. Kufikia 1951 ulikuwa umekufa, ukiwa umemeza kama pauni milioni 36. Mashine zile zilihitaji karakana kubwa na shehena za spea. Land Rover ilihitaji mtu mmoja, jeki na spana za inchi. Bodi yake imefungwa kwa bolti na riveti. Paneli iliyobonyea unaifungua, unainyoosha chini ya mti, unairudisha.

Baada ya Uhuru abiria alibadilika, gari likabaki lilelile. Katika Operesheni Vijiji ya miaka ya sabini, afisa alisimama kando ya Land Rover akionesha kwa kidole wapi nyumba zijengwe. Mimi nilikuwa kijana ninayejifunza umakanika katika karakana ya serikali mjini Singida, na magari hayo yalirudi kwetu springi zimekatika na shokapu zimekufa.

Ndipo ikaja njaa ya spea. Februari 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikivunjika, Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya, na mpaka ule haukufunguliwa mpaka mwishoni mwa 1983. Land Rover zilikuwa zikiunganishwa Thika, Kenya. Sisi tukawa upande wa pili wa kizuizi. Katikati ya kipindi hicho ikaja vita ya Kagera, 1978 hadi 1979, ikachukua magari na fedha za kigeni. Na 1983, mwaka wa msako wa wahujumu uchumi, hata kuwa na boksi la plagi mpya uvunguni kulihitaji maelezo.

Tuliishi vipi? Tangi lililovuja tulilikandika kwa sabuni ya kipande. Betri ikifa, tuliwasha kwa hendeli, na ole wake aliyeishika vibaya, maana injini ikirudisha teke huvunja mkono. Jani la springi la lori lilikatwa, likatobolewa, likaingizwa chini ya Land Rover. Turubai ikichanika, fundi viatu aliishona kwa kipande cha turubai ya lori. Vitabu vya kiwanda havikuandika mambo hayo. Yaliandikwa chini ya magari, kwa mikono yenye grisi.

Gari langu nililinunua mnadani likiwa chakavu, serikali ilipokuwa imekwisha kuhamia Toyota. Lilibeba asali na nta kutoka kwa warina asali wa huku, na mara nyingine wagonjwa. Msitu wetu wa Mgori una zaidi ya hekta 40,000 za miombo, na katika miaka ya tisini vijiji vitano vilipewa kuulinda vyenyewe. Walinzi waliuzunguka kwa miguu. Gari langu liliitwa palipokuwa na mzigo.

Ukavu wa huku umelisaidia. Uingereza, chumvi inayomwagwa barabarani wakati wa baridi hula chesisi kwa chini. Alumini haishiki kutu kama chuma, ila vinapogusana na maji yakawepo, alumini ndiyo inayoanza kuoza. Mgori maji hayo ni ya msimu tu. Chesisi yangu nilichomelea sehemu mbili za nyuma, basi. Injini niliishusha, nikabadilisha ringi na klachi, kabureta nikaisafisha. Bodi nimeipiga rangi ya kijani. Jani la springi la lori nimeliacha palepale. Kiraka cha fundi viatu nimekiacha.

Mwenye kupenda chongo huona kengeza, utasema. Huenda. Lakini soko limebadilika. Kiwanda cha Solihull, Uingereza, kilifunga utengenezaji wa Defender, mrithi wa gari hili, Januari 2016, baada ya zaidi ya magari milioni 2 ya ukoo huu. Oktoba 2024 Land Rover mamia kwa mamia zilipangwa foleni Arusha kwa tamasha lao. Wanunuzi sasa wanatafuta za zamani, na wengi huanza kwa kung'oa kila alama ya fundi wa Kitanzania ili gari lifanane na picha ya 1965. Wanacholipia hapo ni gari ambalo halikuwahi kuishi Singida.

Basi, atakayenunua langu nitampa na daftari: mnada ulifanyika lini, kifaa kipi kilitoka gari lipi, nani alikishona au kukichomelea. Nawe uliye na Land Rover kuukuu nyuma ya nyumba, kabla hujamwita mtu wa chuma chakavu au tajiri wa mjini, kaa na dereva wake wa zamani angali hai, andika anayokumbuka, uyaweke pamoja na kadi ya gari. Bei mtapatana baadaye.