John F. Kennedy: Mwamini Mbele ya Madaraka



Iko picha moja ambayo sisi Wakongo tunapaswa kuifahamu. Ilipigwa na Jacques Lowe katika Ikulu ya Marekani, tarehe 13 Februari 1961. Inamwonyesha Rais John Fitzgerald Kennedy akiwa na simu sikioni, macho ameyafumba, mkono ameuweka usoni kama mtu aliyefikwa na msiba. Aliyempigia ni Adlai Stevenson, balozi wake katika Umoja wa Mataifa, na habari ilikuwa hii: Patrice Lumumba ameuawa. Kennedy alikuwa hajatimiza mwezi mmoja katika madaraka. Lumumba, pamoja na wenzake Maurice Mpolo na Joseph Okito, aliuawa Katanga tarehe 17 Januari, siku tatu kabla ya Kennedy kuapishwa.

Tumeanza na picha hiyo kwa sababu Kennedy ni mmoja wa marais wa Marekani waliopendwa sana. Katika nyumba nyingi za Wakatoliki wa Ireland, picha yake ilitundikwa ukutani pamoja na ile ya Papa Yohane XXIII. Lakini mtu anayependwa si lazima awe mtu asiye na kosa. Tumwangalie basi kwa haki, bila kumtukuza na bila kumdharau.

Alizaliwa tarehe 29 Mei 1917 huko Brookline, katika jimbo la Massachusetts, akiwa mtoto wa pili kati ya tisa wa Joseph Kennedy na Rose Fitzgerald. Mababu zake walihama Ireland katika karne ya 19, wakati njaa kuu ilipoiharibu nchi ile, wakafika Boston wakiwa maskini. Kufikia kizazi cha baba yake jamaa hiyo ilikuwa na mali nyingi. Hata hivyo, mali haikumwepusha na maradhi. Tangu utoto aliugua mara kwa mara, mgongo ulimtesa maisha yake yote, na zaidi ya mara moja padri aliitwa kumpaka mafuta matakatifu kwa kuwa alidhaniwa anakufa.

Wakati wa vita vya pili vya dunia alikuwa ofisa wa jeshi la majini. Usiku wa kuamkia tarehe 2 Agosti 1943, karibu na visiwa vya Solomon, manowari ya Wajapani iliigonga mashua yake na kuipasua. Mabaharia wawili walikufa. Kumi na mmoja wakabaki hai, naye akiwa mmojawao. Kennedy aliogelea kwa saa nyingi akimvuta mwenzake aliyeungua, huku ameushika kwa meno mkanda wa koti la kujiokolea la mgonjwa huyo, hata wakafika kisiwani. Mwaka uliofuata kaka yake Joseph, ambaye baba yao alimtarajia kuwa mwanasiasa, alikufa katika ndege ya kivita. Tumaini la jamaa likamwangukia yeye. Akachaguliwa kuwa mbunge mwaka 1946, kisha seneta mwaka 1952.

Alipogombea urais mwaka 1960, kikwazo kimoja kilikuwa ubatizo wake. Marekani ilikuwa haijapata kumchagua Mkatoliki. Al Smith alijaribu mwaka 1928 akashindwa, na imani yake ilikuwa sababu mojawapo ya kupingwa. Wengi waliogopa kwamba rais Mkatoliki angepokea amri kutoka Roma. Kennedy hakuikwepa hofu hiyo. Tarehe 12 Septemba 1960 alikwenda Houston, Texas, akasimama mbele ya wachungaji wa Kiprotestanti na kukubali kuulizwa maswali. Aliwaeleza kwamba yeye si mgombea wa Kanisa Katoliki bali wa chama chake, na kwamba angeamua mambo ya taifa kwa dhamiri yake. Akaongeza kwamba kama ingetokea siku ambapo wajibu wa kazi ungemlazimisha kuivunja dhamiri hiyo, angejiuzulu.

Neno hilo la mwisho husahauliwa mara nyingi. Mtu huyu aliyetafuta kiti kwa nguvu zake zote alikiri hadharani kwamba kipo kitu kinachozidi kiti. Alishinda kwa tofauti ya kura zisizofika 120,000 katika kura zipatazo milioni 68. Alikuwa na umri wa miaka 43.

Madarakani alijifunza kwa kuanguka. Mwezi Aprili 1961 aliruhusu wakimbizi wa Kuba, waliofundishwa na idara ya ujasusi ya Marekani, waivamie nchi yao. Walishindwa vibaya. Kennedy alisimama mbele ya taifa akaubeba lawama mwenyewe. Mwezi Oktoba 1962, makombora ya nyuklia ya Urusi ya Kisovieti yalipogunduliwa huko Kuba, majenerali walimshauri ashambulie. Safari hii hakufuata ushauri wa haraka. Alizuia meli, akaandikiana na Khrushchev, akamwachia adui nafasi ya kurudi nyuma bila kuaibika. Katika siku hizo hizo Papa Yohane XXIII aliwasihi wakuu wa mataifa, kwa njia ya redio, wasikie kilio cha watu wanaotaka amani. Tarehe 28 Oktoba Khrushchev alikubali kuyaondoa makombora. Mwaka uliofuata mataifa hayo mawili, pamoja na Uingereza, yalitia sahihi mkataba wa kupiga marufuku majaribio ya nyuklia angani, baharini na katika anga za mbali.

Kuhusu haki za Wamarekani weusi alikuwa mzito. Alihofia kupoteza wabunge wa kusini, akasitasita. Ni Weusi wenyewe, waliopigwa na kufungwa, waliomsukuma. Hatimaye, tarehe 11 Juni 1963, aliwaambia wananchi kwamba jambo hilo si la siasa tu, bali ni la maadili, akaahidi sheria mpya. Sheria hiyo ilitiwa sahihi mwaka 1964 na mrithi wake, Lyndon Johnson.

Na Kongo je? Kennedy hakumwua Lumumba. Lakini uchunguzi wa Seneti ya Marekani ulionyesha mwaka 1975 kwamba chini ya mtangulizi wake, Eisenhower, majasusi wa Marekani walikuwa wamepanga kumwua Lumumba kwa sumu. Kennedy mwenyewe, angali seneta, alikuwa ameitetea Algeria mwaka 1957 dhidi ya utawala wa Ufaransa. Akiwa rais aliunga mkono Umoja wa Mataifa katika kuzuia Katanga isitengwe na Kongo, na utengano huo ulikwisha mwezi Januari 1963. Kwa hilo tuna la kumshukuru. Lakini tarehe 31 Mei 1963 alimpokea Jenerali Mobutu katika Ikulu kwa heshima na kumsifu kwa kuukinga Ukomunisti. Hofu ya Ukomunisti ilimfanya amthamini mtu mwenye bunduki. Matunda ya urafiki huo kati ya Washington na Mobutu wazazi wetu waliyala kwa miaka zaidi ya 30.

Tena, wapendwa, tusifiche: hakuwa mwaminifu katika ndoa yake na Jacqueline, na chini yake idadi ya wanajeshi wa Marekani waliopelekwa Vietnam kama washauri ilipanda hata ikafika 16,000 hivi.

Tarehe 22 Novemba 1963 alipigwa risasi huko Dallas, akiwa na umri wa miaka 46. Padri aliitwa kwa mara nyingine, na safari hii hakuamka. Kardinali Richard Cushing wa Boston aliadhimisha Misa ya mazishi mjini Washington.

Twarudi kwenye picha yetu. Huzuni ya uso ule twaamini ilikuwa ya kweli. Hata hivyo, huzuni ile haikumzuia kumkaribisha Mobutu miaka miwili baadaye. Kwetu sisi tunaoomba viongozi wenye dhamiri, hapo pana fundisho: dhamiri haitoshi kuumia, yapasa iamue. Wengine kati yenu mtakuwa wakuu wa mitaa, walimu, mahakimu, labda wabunge. Jiulizeni mapema ni jambo gani mtakaloachia kiti.

Kwa mazungumzo katika kikundi:
1. Je, kiongozi Mkristo anaweza kuwatumikia wananchi wote kwa haki pasipo kuificha imani yake?
2. Ni lini sisi wenyewe tulisikitikia uovu, kisha tukaendelea kuushirikia?
3. Tumkumbukeje mtu aliyetenda mema na mabaya pamoja?