Mtoto Aanguke Juu ya Nini?

Mtoto anayecheza lazima aanguke. Kwa hiyo kila jamii imelazimika kuamua aangukie nini: udongo, mchanga, nyasi, lami au mpira. Marekani, Uholanzi, Finland na Afrika Mashariki zimeamua tofauti, na sababu si kwamba wengine wanawapenda watoto wao kuliko wengine. Kila jamii imejikinga na madhara iliyoyaona kwa macho yake.

Marekani, nyasi bandia zilibuniwa kwa ajili ya afya. Taasisi ya Ford Foundation ilitaka watoto wa mijini, walioonekana dhaifu kuliko wenzao wa mashambani, wapate mahali pa kukimbia. Mwaka 1964 zikatandikwa katika shule ya Moses Brown, mjini Providence. Mwaka 1966 zikaingia Astrodome ya Houston, uwanja wenye paa ambamo nyasi asilia zilikuwa zimekufa kwa kukosa mwanga. Miongo mitatu baadaye ikaja aina mpya, iliyojazwa chembechembe za matairi chakavu ili kupunguza kishindo cha kuanguka. Chembe hizo zilipunguza hofu moja na kuzaa nyingine. Amy Griffin, kocha wa soka katika Chuo Kikuu cha Washington, aliorodhesha wachezaji waliopata saratani, wengi wao walinda mlango, ambao kazi yao ni kujirusha chini kila siku. Mwaka 2017 Idara ya Afya ya jimbo la Washington ilichunguza orodha hiyo na kukuta kwamba wagonjwa hawakuzidi idadi ambayo ingetarajiwa kwa vijana wa rika hilo.

Uholanzi nayo ilitikiswa mwaka 2016, pale kipindi cha televisheni cha Zembla kilipohoji usalama wa chembe hizohizo. Taasisi ya afya ya nchi hiyo, RIVM, ilizipima na mwezi Desemba ikatamka kwamba hatari kwa wachezaji ni ndogo mno. Hata hivyo, taasisi hiyohiyo ilishauri kiwango cha kemikali zinazoruhusiwa kishushwe. Tangu Agosti 2022, sheria ya Umoja wa Ulaya inataka jumla ya kemikali nane za kundi la PAH isizidi miligramu 20 kwa kilo moja ya chembe. Kuanzia Oktoba 2031, chembe za plastiki na mpira za kujazia viwanja hazitauzwa tena, na safari hii sababu ni mazingira: chembe hizo husombwa na mvua na viatu hadi mitoni. Matokeo ya uchunguzi wa Washington na wa Uholanzi yalikaribiana, lakini Wamarekani waliuliza kama mtu ameugua, ilhali Waholanzi waliuliza pia kama kuna haja ya kuivumilia hatari hata ikiwa ndogo.

Finland ilishika njia nyingine kabisa. Mwaka 2020 watafiti walichapisha matokeo ya jaribio lililofanywa katika vituo vya kulelea watoto mjini Lahti na Tampere. Walitandaza udongo na mimea ya msituni juu ya nyua za changarawe, wakawaacha watoto wa miaka mitatu hadi mitano wacheze humo kwa siku 28. Aina za vijidudu vyenye manufaa ziliongezeka kwenye ngozi zao, na damu yao ikaonyesha dalili za kinga kujirekebisha vizuri zaidi. Kwa Mfini, udongo ni dawa inayopungua mijini.

Kwetu Afrika Mashariki, udongo huohuo una sura mbili. Chandimu, soka ya mitaani, imelea wachezaji wengi pekupeku, na hilo ni urithi wa kuheshimiwa. Lakini mguu mtupu hukutana pia na funza, minyoo ya safura, vipande vya chupa na pepopunda. Huko Owino Uhuru, Mombasa, udongo wa makazi ulijaa madini ya risasi kutoka kiwanda kilichoyeyusha betri, na mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe fidia. Ndiyo maana viwanja vya nyasi bandia kama Nyamagana mjini Mwanza na Kaitaba mjini Bukoba vilipokewa kwa furaha: havigeuki tope masika, wala vumbi kiangazi, na huhimili mechi nyingi.

Ila kuna jambo ambalo Lahti hawana haja ya kulihofia sana: jua. Vipimo vya Chuo Kikuu cha Brigham Young huko Utah vilionyesha uso wa nyasi bandia ukipita nyuzi 60 za Selsiasi mchana wa kiangazi. Maji yaliupoza, lakini baada ya dakika chache joto likarudi. Nyasi asilia hujipoza zenyewe kwa kutoa mvuke, plastiki haiwezi.

Kwa hiyo tusichukue jibu la mwenzetu bila swali lake. Kutoka Washington tujifunze kuhesabu wagonjwa kabla ya kuhukumu; kutoka Uholanzi, kuweka kiwango na kukisimamia; kutoka Finland, kuuheshimu udongo safi. Juu ya hayo tuweke maswali yetu wenyewe. Shule au halmashauri inayotaka kununua uwanja imtake muuzaji aeleze kwa maandishi chembe zimetengenezwa kwa kitu gani, joto litafika wapi saa saba mchana, na zulia likichakaa litatupwa wapi. Asiyeweza kujibu hayo matatu asipewe zabuni.