Nani Ana Ufunguo wa Maktaba?

Ukifika katika shule ya sekondari ukauliza kama kuna maktaba, mara nyingi utajibiwa kwamba ipo. Uliza basi swali la pili: nani ana ufunguo, na saa hizi yuko wapi? Hapo ndipo utakapoanza kuzungushwa. Mwenye ufunguo yuko darasani, au amekwenda mjini kufuata mshahara.

Historia yetu ya maktaba haikuanza na kufuli. Mwaka 1948 iliundwa East African Literature Bureau, makao yake Nairobi. Wengi tunalikumbuka shirika hilo kwa vitabu lilivyochapisha, lakini lilikuwa pia likiazimisha. Masanduku ya vitabu yalipelekwa kwenye shule na kumbi za starehe za raia, na aliyekaa mbali aliweza kuletewa kitabu kwa posta. Hebu fikiria barabara za wakati ule! Hata hivyo kitabu kilikabidhiwa kwa posta, kikaenda kwa mtu asiyejulikana sura. Sanduku likikaa Nairobi lilikuwa halina faida kwa mtu wa Singida.

Mwaka 1960 S. W. Hockey, aliyesimamia maktaba za shirika hilo, alitoa ripoti iliyopendekeza kila nchi iwe na huduma yake. Tanganyika ilitunga sheria mwaka 1963, na tarehe 9 Desemba 1967 Mwalimu Nyerere akafungua Maktaba Kuu, Dar es Salaam. Huo ndio mwaka wa Azimio la Arusha na wa Elimu ya Kujitegemea. Mwaka 1989 kikaanza chuo cha ukutubi kule Bagamoyo. Kwa hiyo si kweli kwamba hatukujua maktaba inavyoendeshwa.

Kufuli lilitoka wapi, basi? Mimi naona lilitoka kwenye leja. Miaka ya 1980 fedha za kigeni ziliadimika na karatasi pia. Kitabu kikawa mali ya kuhesabiwa pamoja na majembe na vitanda vya bweni. Mwalimu aliyekabidhiwa maktaba alijua kwamba siku ya makabidhiano kila kitabu kitahesabiwa, na kilichokosekana atakitolea maelezo. Ambacho hakijaazimwa hata mara moja, hakuna aliyemuuliza. Mtu mwenye akili zake angefanya nini? Angefunga.

Shuleni kwangu mwalimu wa kemia ndiye alikuwa mkutubi, juu ya vipindi vyake vyote. Kamusi zilikuwa mpya, bado zinanukia wino, na tulizitazama kupitia kioo cha kabati. Simlaumu. Hakupewa muda, alipewa ufunguo tu.

Kisha ukaja mpango wa mwaka 2004 na shule za kata. Shule za sekondari zilikuwa chini ya 1,300 mwaka ule. Kufikia 2010 zilizidi 4,000. Wananchi walibeba mawe na matofali, na watoto wengi ambao wangeishia darasa la saba wakapata nafasi. Hilo ni jambo kubwa, tusilibeze. Lakini madarasa yalitangulia, ikafuata kampeni ya maabara, maktaba ikabaki kwenye foleni. Na pale ilipopatikana, desturi ya leja ilihamia humo pamoja na vitabu.

Pendekezo langu halihitaji mfadhili. Bodi ya shule ikubaliane mwanzoni mwa mwaka kwamba vitabu kadhaa katika kila mia vitapotea au kuchanika kwa kusomwa, na vifutwe kwenye hesabu bila kumwandama mwalimu. Viranja wapewe mhuri na daftari, chumba kifunguliwe kila jioni baada ya masomo. Naye mkaguzi akija, asiishie kuhesabu. Achomoe vitabu ishirini, afunue karatasi ya tarehe iliyobandikwa nyuma. Kisichokuwa na mhuri hata mmoja, akiandike kwenye ripoti yake kama anavyoandika kilichopotea.