Maziwa ya Meru na Kunafa ya Waarabu

Kunafa, tamutamu iliyoutangaza mji wa Nablus katika nchi ya Palestina, hutaka vitu vitatu: jibini laini isiyo na chumvi, tambi nyembamba zilizochanganywa na samli, na shira ya sukari. Mpishi wa Arusha leo huvipata vyote bila ya taabu kubwa. Lakini kila kimoja kilifika jikoni mwake kwa njia yake, na ajabu ni kwamba kilichokuwa kigeni zaidi ni jibini, ingawa maziwa ndiyo yaliyotangulia.

Kabla Wajerumani hawajajenga Boma mwaka 1900, Waarusha na Wameru, waliolima migomba na kufuga ng'ombe, pamoja na jirani zao Wamaasai, walikuwa na elimu yao ya maziwa. Kibuyu kilisuguliwa ndani kwa kijinga cha moto cha mti wa oloirien, maziwa yakatiwa na kuachwa mpaka yakaganda, kisha yakatiwa katika chakula kiitwacho loshoro. Na maadam mtindi ulitosheleza haja, hapakuwa na sababu ya kutafuta jibini.

Ama Waarabu waliofuata biashara hadi bara, aghlabu wenye asili ya Oman na Hadhramaut, tamutamu yao mashuhuri ilikuwa halwa ya wanga, sukari, samli na iliki, isiyohitaji jibini kabisa na yenye kustahimili safari. Kwa upande wa sukari, reli ilifika Moshi mwaka 1911, na Arusha mwaka 1929; mwaka uliofuata ikaanzishwa kampuni ya TPC kulima miwa huko Arusha Chini, ambako, licha ya jina lake, ni karibu na Moshi. Hivyo sukari ikawa na shamba lake papa hapa kaskazini.

Malisho, kwa upande mwingine, yalikuwa na kisa kizito. Mwezi wa Novemba 1951 serikali ya Kiingereza iliwahamisha kwa nguvu Wameru wapatao 3,000 kutoka Engare Nanyuki, nyumba zao zikateketezwa, ili nchi ile wagawiwe walowezi wa Kizungu wafuge ng'ombe wa nyama na wa maziwa. Mwaka 1952 Kirilo Japhet alisafiri hadi New York kuwatetea wenzake mbele ya Umoja wa Mataifa. Ardhi haikurejeshwa wakati ule, lakini dhuluma ile ilijulikana duniani. Baada ya uhuru, ng'ombe chotara wakaenea katika vihamba vya Meru, wakifungwa bandani na kulishwa majani ya tembo na mashina ya migomba, na kina mama wakawa wachuuzi wa maziwa mjini.

Maziwa hayo, yakichemshwa na kukatwa kwa maji ya limau, kisha yakachujwa kwa kitambaa, hutoa jibini ifaayo. Ila haivutiki kama ile ya Nablus, kwa kuwa asidi haifanyi kazi ya kigandisho kitokacho katika tumbo la ndama. Tabaka la jibini hulazwa baina ya matabaka mawili ya tambi, likaokwa hadi juu pakawa rangi ya dhahabu, na shira humiminwa kunafa ingali moto.

Basi atakayeandika tarikhi ya sahani hii hapa Arusha, asianzie kwa sukari na samli zilizozoeleka kwa biashara, bali aanzie kwenye malisho, na aulize nani aliruhusiwa kuyatumia na nani alifukuzwa.