Sarkoma iliyowarudia wapasuaji: miaka 100 ya kuutafuta ukingo wake

Huanza kama baka gumu kwenye ngozi, mara nyingi kifuani, mgongoni au begani. Haliumi. Hukaa miaka, likiongezeka kidogo kidogo, kisha vinundu huchomoza juu yake, vyekundu au vya rangi ya kahawia. Mwenye nalo huwa ni mtu mzima wa makamo au kijana aliyepita miaka 20, tena mwenye afya njema, na kwa kuwa haliumi, halimpeleki hospitali mapema.

Mwaka 1924 bingwa wa ngozi Jean Darier, aliyejijengea jina katika Hospitali ya Saint-Louis jijini Paris, aliueleza uvimbe huu pamoja na mwenzake Ferrand. Walisisitiza mambo mawili: hukua bila kukoma, na ukikatwa hurudi. Mwaka uliofuata Mjerumani Erich Hoffmann, yule yule aliyeshirikiana na Fritz Schaudinn kugundua kimelea cha kaswende mwaka 1905, aliupa jina linalotumika hadi leo: dermatofibrosakoma protuberansi. Ni aina ya sarkoma, yaani saratani ya tishu unganishi. Hata kabla yao, mwaka 1890, Mmarekani R. W. Taylor alikuwa ameandika juu ya vivimbe vya saratani ya ngozi vinavyofanana na keloidi, yaani makovu yanayovimba. Mfanano huo ungali unawachelewesha wagonjwa, hasa sisi weusi ambao keloidi kwetu ni jambo la kawaida. Na takwimu za Marekani zinaonyesha kuwa sarkoma hii huwapata weusi karibu mara mbili ya weupe, ingawa kwa jumla ni adimu: watu wapatao 4 katika kila milioni moja kwa mwaka.

Kwa nini ilikuwa ikirudi? Kinachoonekana juu ya ngozi si uvimbe wote. Seli zake hujipenyeza pembeni na chini, ndani ya mafuta, kwa nyuzi nyembamba zisizoonekana kwa macho wala kushikika kwa vidole, tena hazitambai sawasawa pande zote. Ni kama ndago shambani: ukikata majani, kilicho chini ya udongo kitachipua tena. Mpasuaji aliyeondoa nundu na ngozi kidogo ya kuizunguka aliamini amemaliza kazi. Baada ya mwaka mmoja, miwili au mitatu, mgonjwa alirudi na uvimbe pembeni mwa kovu.

Jibu la kwanza likawa kukata zaidi. Sentimita 2 kutoka ukingoni, kisha 3, wengine hadi 5, na kushuka mpaka kwenye utando unaofunika misuli. Kwa uvimbe wa mgongoni hilo lawezekana. Kidonda kitafunikwa kwa ngozi ya kupandikiza. Lakini ukiwa kwenye paji la uso au shingoni, hizo sentimita 3 utazitoa wapi? Na hata kwa upana huo, wapo ambao uvimbe uliwarudia. Ripoti za zamani, hasa za waliokatwa kwa ukingo mwembamba, zinataja kujirudia hadi kwa wagonjwa 60 katika kila 100.

Suluhisho lilitoka kwa mtu ambaye hakuwa akiishughulikia sarkoma hii. Frederic Mohs, aliyezaliwa Wisconsin mwaka 1910, alikuwa bado mwanafunzi wa udaktari alipoona kwamba kloridi ya zinki huikausha nyama ya mwili huku seli zikibaki na umbo lake, tayari kutazamwa kwa darubini. Kuanzia mwaka 1936 alikuwa akiwatibu wagonjwa wa saratani ya ngozi: anapaka dawa, anakata tabaka jembamba, anachora ramani yake, anatazama ukingo mzima, kisha anarudi kukata pale tu ambapo saratani imebaki. Dawa ile iliuma, na kazi ilichukua siku kadhaa. Mwaka 1953 alijaribu bila dawa, kwa ganzi na nyama mbichi iliyogandishwa, na mwaka 1974 Theodore Tromovitch na Samuel Stegman wa San Francisco walichapisha matokeo yaliyowashawishi wengi kuifuata njia hiyo.

Umuhimu wa njia hiyo uko maabara. Kwa kawaida kipande kilichokatwa huchanjwa vipande wima vichache, na darubini huona chini ya asilimia 1 ya ukingo wote. Uzi mmoja wa saratani ukipita katikati ya vipande viwili, majibu yatasema ukingo ni safi. Mohs alikata kwa ulalo, ukingo wote ukaonekana. Kwa sarkoma hii, ripoti nyingi za njia yake zinaonyesha kujirudia kwa mgonjwa 1 au 2 tu katika 100.

Tuwatendee haki wanaokata kwa upana: wakishirikiana na maabara makini, leo nao hupata matokeo mazuri. Huko Tübingen, Ujerumani, Helmut Breuninger na wenzake walionyesha kuwa ukingo mzima unaweza kuchunguzwa kwa njia ya kawaida ya formalini na nta, kidonda kikisubiri majibu kabla ya kuzibwa. Naiona njia hii kuwa ya thamani kubwa kwa hospitali zetu, maana inadai subira na mpangilio zaidi kuliko mashine ghali.

Mwaka 1997 watafiti walibaini chanzo chenyewe cha sarkoma hii: vipande vya kromosomu 17 na 22 huhamishana, jeni mbili zikaungana, na seli zikapata amri ya kukua isiyozimwa. Ndiyo maana imatinibu, dawa inayozuia amri hiyo na iliyokwisha kutumika kwa saratani ya damu, iliidhinishwa Marekani mwaka 2006 kwa wagonjwa ambao upasuaji hauwatoshi.

Wanaosambaziwa saratani hii mwilini, zaidi mapafuni, ni chini ya 5 katika 100, na wengi mno huishi maisha yao yote. Lakini upasuaji wa kwanza ndio wenye nafasi bora. Ukiwa na baka gumu linalokua, au kovu linalovimba mahali ambapo hukuwahi kuumia, omba kipande kichunguzwe kabla ya kukatwa. Na ukishakatwa, usiondoke bila kuuliza maabara imesema nini kuhusu ukingo.